Kumfuata farasi mweusi: siku saba kutoka Lugo hadi Montello

Kabla ya safari, Nyeri

Nimekulia karibu na Mathari, na kila mtu wa pale analijua kanisa la Waitaliano. Babu alikuwa akifyeka nyasi za uwanja wake, nami nikimpelekea chai kwenye chupa. Humo wamelazwa mamia ya wanajeshi wa Italia waliofia Afrika Mashariki, na pamoja nao Amedeo, Duke wa Aosta, mwakilishi wa mfalme wa Italia katika Ethiopia, Eritrea na Somalia tangu 1937. Alisalimu amri kwenye mlima wa Amba Alagi, Ethiopia, Mei 1941, akaletwa Kenya akiwa mfungwa, akafia Nairobi tarehe 3 Machi 1942.

Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba Duke huyo alikuwa rubani. Miaka ya 1930 aliongoza pale Gorizia kikosi kikubwa cha ndege za kivita kilichoitwa 4° Stormo, na alama ya kikosi hicho ilikuwa farasi aliyeinua miguu ya mbele. Farasi huyo alirithiwa kutoka kwa rubani mmoja, Francesco Baracca wa Lugo, wa kikosi kidogo cha Vita vya Kwanza vya Dunia, Squadriglia ya 91. Ndiye huyohuyo anayeonekana leo kwenye magari ya Ferrari na kwenye kofia zinazouzwa kila soko duniani. Nikataka nimfuate kinyumenyume, nifike kwa wenyewe.

Siku ya 1, Jumanne: Bologna hadi Lugo

Nimetua Bologna asubuhi, nikapanda treni ya mkoa. Mashamba ni tambarare kama meza: mipichi, mizabibu, mifereji ya maji. Lugo ni mji mdogo wa Romagna, mtulivu kiasi kwamba mchana nilisikia vijiko vikigonga sahani nyuma ya madirisha. Nimelala mapema.

Siku ya 2, Jumatano: Lugo

Kabla ya kitu chochote unakutana na bawa. Limesimama uwanjani katikati ya mji, bawa moja la mawe lenye urefu wa mita 27, na mbele yake sanamu ya Baracca aliyevaa mavazi ya rubani. Ni kazi ya mchongaji Domenico Rambelli, ilizinduliwa 1936. Ukitazama kutoka chini shingo inauma. Utawala wa wakati ule ulipenda mashujaa wake wawe wakubwa kupita kiasi, na mimi sikupata mtu pale. Nilipata jiwe.

Mtu nilimpata nyumbani kwao. Nyumba ya familia ya Baracca sasa ni makumbusho, ina samani zao, picha, sare na barua. Francesco Baracca alizaliwa Lugo tarehe 9 Mei 1888. Baba yake alikuwa mtu wa mali na mashamba, mama yake ni Kontesa Paolina Biancoli, na Francesco alikuwa mtoto wao wa pekee. Alichagua jeshi, akawa afisa wa askari wa farasi katika rejimenti ya Piemonte Reale, ambayo nembo yake ilikuwa farasi. Mwaka 1912 alikwenda Reims, Ufaransa, akajifunza kurusha ndege. Na alimwandikia mama yake mara kwa mara: baridi, chakula, ndege, bunduki iliyokwama wakati adui yuko mbele yake. Nimesimama muda mrefu mbele ya mwandiko ule. Ni mwandiko wa mtu aliyefundishwa kuandika vizuri na aliyejua barua itasomwa mezani kwa sauti.

Halafu kuna ndege yenyewe, SPAD VII, namba S.2489. Nilitegemea kitu kikubwa. Haifiki mita 8 kutoka ncha ya bawa hadi ncha nyingine. Ingeegeshwa ndani ya darasa la shule. Mbao zimevikwa kitani kilichopakwa dawa ya kukikaza, na ukiinama unaona kivuli cha mbavu za bawa chini ya kitambaa, kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Mabawa ni mawili, moja juu ya jingine, yamefungwa kwa nyaya nyembamba zilizovutwa sawasawa. Pua ni ya duara, na rafadha, lile pangaboi la ndege, ni ya mbao, imeng'arishwa kama samani ya sebuleni. Juu ya injini, mbele ya uso wa rubani, imelala bunduki moja ya rashasha aina ya Vickers, iliyounganishwa na injini ili risasi zipite katikati ya pangaboi bila kuligonga. Nyuma yake ni tundu la kukaa mtu mmoja, wazi kwa upepo. Marubani wale hawakupewa parachuti.

Ubavuni yuko farasi. Mweusi, mkia umeelekea chini. Wa Ferrari mkia wake umeinuka.

Enzo Ferrari mwenyewe alisimulia jinsi alivyompata: mwaka 1923 alishinda mashindano ya Savio karibu na Ravenna, akakutana na wazazi wa Baracca, na Kontesa Paolina akamwambia amweke farasi wa mwanawe kwenye magari yake, atamletea bahati. Mwanawe alikuwa amekufa miaka 5 kabla. Ferrari aliongeza rangi ya njano ya mji wake wa Modena, na mwaka 1932 magari ya timu yake yakatoka na farasi huyo kwa mara ya kwanza, kwenye mbio za saa 24 za Spa, Ubelgiji. Nimewahi kusikia hadithi hii ikisimuliwa kama habari ya biashara. Ukiwa ndani ya nyumba ile, huku barua ziko nyuma yako, unaisikia kama habari ya mama anayetafuta mahali pa kuweka kitu cha mtoto wake ili kisipotee.

Jioni nilikwenda makaburini. Amezikwa huko, kwao.

Siku ya 3, Alhamisi: Udine na Santa Caterina

Binamu yangu, mtoto wa mama mkubwa, ni muuguzi Udine mwaka wa 11 sasa. Kwetu huyo si binamu, ni dada. Alinipokea stesheni na gari lake, na kwenye dashibodi kulikuwa na kofia nyekundu ya Ferrari ya kijana wake.

"Mdogo wangu, umetoka Nyeri kuja kutazama uwanja wa nyasi?"

"Ndiyo, dada."

"Haya. Kwanza utakula."

Baada ya kula tulikwenda Santa Caterina, magharibi ya mji. Tulipofika palikuwa na nyasi, mahindi machanga, na barabara yenye malori. Lakini ndipo palipokuwa na uwanja. Udine wakati ule ilikuwa makao makuu ya jeshi la Italia, ya Jenerali Cadorna, kwa hiyo ilibidi anga lake lilindwe.

Italia iliingia vitani dhidi ya Austria na Hungaria Mei 1915 bila ndege za kuwinda ndege nyingine, ingawa jeshi hilohilo lilikuwa limeanza kutupa mabomu kutoka angani mapema kuliko wote: tarehe 1 Novemba 1911, Luteni Giulio Gavotti alirusha kwa mkono mabomu madogo juu ya Ain Zara, Libya. Afrika ndiyo iliyojaribiwa kwanza. Februari 1916 ndege za Austria zilifika hadi Milano na kuua raia, na wananchi wakaanza kuuliza ndege zao ziko wapi.

Jibu lilikuwa Nieuport 11, kandege kadogo ka Kifaransa kalichoundwa pia Italia katika kiwanda cha Macchi. Bunduki yake ilifungwa juu ya bawa la juu, ipige juu ya rafadha. Ilikuwa na risasi 47 tu katika kisahani chake. Zikiisha, rubani alishika usukani kwa magoti, akaivuta bunduki chini, akabadilisha kisahani kwa mikono yenye glavu huku upepo ukimpiga. Injini ilizunguka nzima pamoja na rafadha na kurusha mafuta ya nyonyo usoni kwake. Watu wa umri wangu tulionyweshwa nyonyo na bibi tunaijua harufu ile. Wao waliivuta saa nzima kila safari.

Kundi la kwanza la wawindaji hawa lilipewa namba 70 mwezi Aprili 1916. Mei 1917 baadhi ya waliokuwa hodari zaidi walitolewa humo wakaunda kikosi kipya, cha 91. Rubani aliyeangusha ndege 5 au zaidi aliitwa asso, yaani ree ya karata, na kikosi hiki kikaitwa cha maree. Alama yake ilikuwa mnyama wa hadithi, nusu tai nusu simba, na kila mtu aliongeza yake mwenyewe: Baracca farasi, Fulco Ruffo di Calabria fuvu la kichwa na mifupa. Alikuwepo Pier Ruggero Piccio, aliyemaliza vita na ushindi 24. Ruffo alipata 20, Ferruccio Ranza 17. Luigi Olivari alikuwa na 12. Alikuwepo pia Bartolomeo Costantini, ambaye baada ya vita aliendesha Bugatti na kushinda mbio za magari za Targa Florio za Sicilia 1925 na 1926. Na Ruffo, niseme hapa kwa ajili ya ndugu zetu wa Kongo, ndiye baba wa Paola aliyekuwa malkia wa Ubelgiji kuanzia 1993.

Nawataja kwa majina kwa sababu pale kwenye mahindi ndipo ilipoingia kichwani mwangu: hawa walikuwa watu wachache sana. Wanakula meza moja, wanajua nani anakoroma. Tarehe 13 Oktoba 1917 Olivari alipaa kutoka uwanja huu, ndege ikaanguka naye palepale mbele ya wenzake. Siku 12 baadaye Giovanni Sabelli akapigwa angani, hakurudi. Viti viwili mezani katika wiki mbili.

Dada alikuwa ameacha kuniuliza kuhusu nyasi. "Wodini ni hivyohivyo," akasema. "Mwenzako asipokuja zamu, kikombe chake hakiguswi siku kadhaa."

Siku ya 4, Ijumaa: Medeuzza na Redipuglia

Medeuzza ni kijiji tu, kanisa na ngano iliyochanganyika na maua mekundu ya mpopi. Karibu na hapa, asubuhi ya tarehe 7 Aprili 1916, Baracca alimshukia kwa nyuma mwaustria aliyekuwa kwenye ndege ya watu wawili, Hansa-Brandenburg, akamlazimisha kutua. Ulikuwa ushindi wake wa kwanza kati ya 34, na wa kwanza wa rubani wa Italia katika mapigano ya angani. Naye akatua, akaenda kumpa mkono rubani aliyetekwa.

Watu hupenda kusimulia mkono ule, kwamba vita vya angani vilikuwa vya waungwana. Mimi nilikuwa nauamini hadi saa sita mchana, tulipofika Redipuglia.

Ni ngazi. Ngazi 22 kubwa mno zinazopanda kilima, na kwenye kila ukingo limechongwa neno moja, PRESENTE, "nipo", jibu la askari anapoitwa jina, mara nyingi hata jicho linaacha kusoma. Humo wamo wafu 100,187. Kati yao 60,330 hawana majina. Hawa ndio waliokuwa chini huku watu wa Santa Caterina wakipita juu yao: askari wa mahandaki ya Carso, uwanda wa mawe wa hapa, waliopelekwa mashambulizi 11 ya mto Isonzo kati ya 1915 na 1917 kwa ajili ya kilomita chache za mawe. Rubani aliyeanguka aliandikwa gazetini. Huyu alipewa neno "nipo" agawane na wenzake.

Mbele kabisa, chini ya ngazi, kuna jiwe kubwa peke yake: kaburi la Emanuele Filiberto, Duke wa Aosta, kamanda wa Jeshi la Tatu, aliyefariki 1931 na akataka alazwe pamoja na askari wake. Nilijua yuko hapa, lakini kujua na kusimama ni mambo mawili. Huyu ndiye baba wa yule wa Mathari. Baba amelala na askari wake mpakani mwa Slovenia, mwana amelala na wa kwake chini ya Mlima Kenya, ambako babu yangu alifyeka nyasi. Nikampigia mama simu palepale nikamwonyesha jiwe kwa video. Akaniambia nimsalimie baba mtu, nikamsalimia.

Siku ya 5, Jumamosi: Gorizia

Uwanja wa ndege wa Gorizia unaitwa kwa jina la Amedeo, Duke wa Aosta. Ni uwanja wa nyasi, mpana, na siku ile haukuwa na mtu zaidi yetu na kunguru. Hapa ndipo alipoongoza 4° Stormo, ambamo Squadriglia ya 91 ilikuwa imeingizwa pamoja na farasi wa Baracca kama urithi. Kikosi hicho kipo hadi leo, kiko Grosseto, na kina jina la Amedeo.

Hapa sina budi kusema kinachoniuma. Wakati farasi yule akipakwa rangi vizuri kwa maonyesho ya anga, ndege nyingine za jeshi hilohilo zilimwaga gesi ya sumu juu ya Waethiopia, 1935 na 1936, juu ya askari na juu ya wanavijiji. Waliopigwa hawakuwa na hata Nieuport moja ya kupanda nayo juu wamkabili aliyewafanyia hivyo. Amedeo alifika Addis Ababa baadaye, na wengi humsifu kuwa alikuwa mpole kuliko aliyemtangulia. Huenda. Lakini nilipokuwa nikitembea kwenye nyasi zile sikuweza kumtazama farasi bila kuwakumbuka wale.

Nusu saa ilitosha. Tukarudi Udine, dada ana zamu ya usiku.

Siku ya 6, Jumapili: Kobarid

Mvua. Dada amelala kwa muda wa saa tatu tu lakini akakataa niende peke yangu. Kobarid, ambayo Waitaliano huiita Caporetto, iko upande wa Slovenia, kando ya mto Soča. Ndio Isonzo wa vitabu, na maji yake ni ya kijani cha jani la mgomba hata chini ya mawingu.

Makumbusho ya mji yana ramani kubwa ya milima, na ukiitazama unaelewa kilichotokea tarehe 24 Oktoba 1917. Waustria na Wajerumani walipitia mabondeni, na jeshi la Italia juu ya vilele likajikuta limezungukwa. Watu zaidi ya 250,000 walitekwa. Mstari wa vita ulirudi nyuma hadi mto Piave, na Udine yenyewe ikaanguka.

Kikosi cha 91 kilipoteza nyumba. Santa Caterina iliachwa kwa haraka, wakahamia Padova, na mwaka uliofuata wakawa Quinto, karibu na Treviso. Siku za kurudi nyuma walipaa katika hali ya hewa kama hii ya leo, wakipita juu ya barabara zilizojaa askari, mikokoteni, na raia waliobeba magodoro. Nilikuwa nikijiuliza rubani angeonaje kutoka juu. Dada akasema yeye anawaza mama aliye barabarani anaposikia ndege, hajui ni ya nani.

Siku ya 7, Jumatatu: Quinto na Montello

Quinto di Treviso tumepita bila kushuka, barabara ilikuwa imejaa.

Montello ni kilima kirefu kilicholala kando ya Piave kama mamba aliyeota jua, kimefunikwa na misitu. Chini yake ni Nervesa, mji uliosagwa na mizinga hadi ukapewa jina jipya, Nervesa della Battaglia, Nervesa ya vita. Tarehe 15 Juni 1918 Waustria walivuka mto wakapanda kilima hiki. Kikosi cha 91 kiliamriwa kushuka chini, kuruka juu ya miti na kuwapiga risasi askari wa adui. Hiyo si kazi ya kuwinda angani tena. Ukishuka chini kiasi hicho, kila bunduki ya mkulima aliyevalishwa sare inakufikia.

Tarehe 19 Juni, jioni, Meja Baracca alipaa tena. Pamoja naye alikwenda Franco Osnago, rubani kijana. Juu ya Montello wakapoteana. Osnago akarudi Quinto peke yake, akangoja.

Mwili ulipatikana baada ya siku kadhaa, Waitaliano walipokirudisha kilima, mahali wenyeji wanapaita Busa delle Rane, shimo la vyura. Ndege ilikuwa imeungua, naye ana jeraha la risasi kichwani. Ruffo na Osnago walikuwa miongoni mwa waliokwenda kumtoa. Tangu hapo watu wamebishana: alipigwa kutoka ardhini, alipigwa na ndege ya Austria ambayo watu wake walidai ushindi, au alijimaliza mwenyewe asiungue wala kutekwa. Nimesoma hoja za kila upande na mimi nashika ya risasi ya ardhini, kwa sababu ya ile kazi waliyopewa. Ruffo akachukua uongozi wa kikosi. Vita viliisha Novemba.

Kumbukumbu yake ni kijengo kidogo cha nguzo, kama banda la kupumzikia, ndani ya miti. Njia ya kufika imejaa majani makavu na konokono. Hakuna bawa la mita 27 hapa. Mtu ameacha chupa ya jamu yenye maua ya shambani, maji yake bado safi. Tumekaa kwenye ngazi tukala mkate na jibini ambayo dada alifunga asubuhi, na nikamsomea nilichonakili Lugo kuhusu barua.

Akauliza alikuwa na umri gani.

Nikahesabu kwenye daftari. Miaka 30, mwezi 1 na siku 10.

Kijana wake, mwenye ile kofia, ana 19. Dada alikunja karatasi ya mkate mara nne, akaiweka mfukoni, akasema tushuke kabla giza halijaingia msituni. Garini aliichukua kofia kwenye dashibodi, akampangusa farasi vumbi kwa kidole, akairudisha mahali pake. Kesho treni ya Bologna ni saa moja asubuhi.